Rili ya Mzee Eliakimu na Breki ya Treni

Nyinyi vijana mnaokereza vyuma hapo Voi huku simu iko juu ya mashine inapiga kelele, hebu izimeni kidogo. Najua mnavyosema nikipita na kofia yangu ya reli: "Huyo ni Mzee Barasa wa breki, sasa tutasikia habari za mabehewa mpaka chai ipoe." Leo hamtasikia mabehewa mengi. Nataka kuwaeleza nilivyounda rili ya kuvulia samaki, yaani ile mashine ndogo inayofungwa kwenye fimbo ili ikunje mshipi, na jinsi ilivyobaki kidogo tu inikoseshe mke.

Ndiyo, mke. Mnacheka nini? Mnadhani mtu akistaafu anastaafu kila kitu?

Mimi nilizaliwa kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, hapa hapa Voi, baba akiwa ametoka Butere na sanduku la bati na godoro moja. Niliingia karakana sina ndevu, nikatoka zimekuwa nyeupe, na kazi yangu ilikuwa breki. Wenzetu wa injini walikuwa wanapungiwa mikono na watoto njiani. Sisi wa breki hakuna aliyetupungia. Lakini dereva akija asubuhi, wa kwanza kusalimiwa kwa heshima zote ni fundi breki, tena anaulizwa na hali ya familia.

Aliyenifundisha ni Mzee Mwanyumba, mtu wa Ronge, mfupi, mkali, na hakuamini kifaa chochote cha kupimia isipokuwa mwili wake mwenyewe. Breki alizinusa. Anainama karibu na gurudumu, anavuta pumzi kama mtu anayenusa mchuzi, kisha anasema, "Hii inashika mno, ilegeze." Na grisi alikuwa anaionja. Msikunje sura zenu hivyo. Alikuwa anapaka kidogo kwenye jino na kuuma, kwa sababu mchanga ukiwa ndani ya grisi vidole havitasikia, ila meno yatakwambia mara moja. Siku moja nikajifanya mjuzi. Nikaona mkebe wake uko wazi kwenye benchi, nikachota, nikaonja. Kumbe haikuwa grisi, ilikuwa dawa yake ya kuchua goti. Siku hiyo nilikula ugali na sukuma bila kujua kama nakula chakula au nakula gazeti, na Mzee Mwanyumba alicheka mpaka akashikilia behewa.

Jambo kubwa alilonifundisha ni hili. Breki ya treni haifanyi kazi vile mnavyofikiria. Hewa kwenye bomba ndiyo inayoifungua, si inayoifunga. Bomba likikatika, behewa likichomoka, breki zinashika zenyewe kila mahali bila kuomba ruhusa ya mtu. "Barasa," alikuwa ananiambia, "kitu kikivutwa ghafla, kishike. Usikiulize kinakwenda wapi. Kishike kwanza." Maneno hayo yaliniingia kwenye damu. Hata watoto wangu wakikimbia sebuleni nilikuwa nanyoosha mkono tu, na mtu anasimama.

Sasa tuje kwa Mama Neema.

Nilikuwa mjane kwa miaka mingi, watoto wameshajitegemea, nyumba imekuwa kimya mpaka nikaanza kubishana na redio. Siku za soko nikazoea kwenda Taveta kununua ndizi. Pale karibu na soko kuna mama anakaanga samaki, na mama huyo ana mdomo. Mara ya kwanza nilimuuliza kama samaki ni wa leo, akaniangalia kuanzia kofia hadi viatu akaniambia, "Baba, samaki ni wa leo. Wewe ndiye unaonekana wa juzi." Nikanunua. Wiki iliyofuata nikarudi. Nilikula samaki mwaka ule mpaka nikahofia kuota magamba, na ndizi nikawa nasahau kununua kabisa.

Nilipopata ujasiri wa kusema neno langu, Mama Neema hakukataa. Aligeuza samaki wake kwenye mafuta, akafuta mkono kwa aproni, akasema taratibu, "Mimi nakupenda, Barasa. Lakini wazazi wetu walifariki nikiwa mdogo, na aliyenilea ni kaka yangu Eliakimu. Alinibeba mgongoni, alinisuka nywele, tena alinisuka vibaya, watu walinicheka shuleni. Asiposema ndiyo kwa mdomo wake, siwezi kuolewa nikala nikashiba. Kaongee naye."

Nikaona ni jambo dogo. Mjane mzima, fundi, mshiriki wa kanisa, nina meno yangu karibu yote. Nani atanikataa?

Mzee Eliakimu analima mahindi na maharagwe huko Njukini, lakini mwili ndio unaolima. Roho yake inakaa Ziwa Jipe. Nilimkuta barazani amezungukwa na rili zilizovunjika, za dukani zote, plastiki tupu, meno yamelika, mikono imekatika. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya dada yake. Akaniambia kuna kambare pale Jipe, mkubwa, ana sharubu kama za chifu, amemvunjia rili zote zile. Nikamwambia dada yake ni mama mwenye heshima. Akaniambia kambare yule hapendi minyoo, anapenda maini. Tuliongea hivyo saa nzima, mimi upande wangu na yeye upande wake, hadi nikamaliza chai. Mwisho ndipo akauliza, "Dada yangu Damaris ameniambia wewe ni fundi. Fundi wa nini?"

"Wa reli," nikasema.

Macho yakamwaka. Akaniambia, "Basi nitengenezee rili ya chuma, isiyovunjika. Samaki yule akitoka majini, tutakaa chini tuzungumze habari za dada yangu."

Nilirudi Voi nikiimba. Kuniambia mimi niunde kitu kisichovunjika ni kama kumwambia mbuzi ale mahindi.

Nikaanza kwa kumpima mkono. Hilo lishikeni, maana duka haliwezi kulifanya: rili nzuri inaanza kwa mkono wa mwenyewe. Eliakimu anatumia mkono wa kushoto na kidole chake kidogo hakikunji, kwa hiyo kishikio nikakitengeneza kinene, cha mti, na nikakiweka upande anaotaka yeye. Bobini ya kukunjia mshipi niliikereza kwa aluminiamu ya pistoni za pikipiki zilizokufa. Mwili nikautoa kwenye shaba ya valvu kuukuu, kwa sababu shaba haishiki kutu. Beringi nikachomoa kwenye grainda. Vijana wa karakana waliniambia, "Mzee, kuna mashine siku hizi inachapisha plastiki, unachora kwa kompyuta tu, kitu kinatoka kimekamilika." Nikawaambia kambare haogopi kompyuta.

Halafu nikafika kwenye breki, na hapo ndipo nilipovimba kichwa. Nikaunda kidole cha chuma chenye springi kinachokaa juu ya gurudumu la meno. Mshipi ukivutwa polepole, bobini inazunguka. Ukivutwa ghafla, kidole kinaanguka kati ya meno, kach! Imeshika. Haitoki hata uite winchi. Niliiangalia nikatokwa na machozi. Nikasema Mzee Mwanyumba angekuwa hai angeinusa akasema amina.

Nikaijaribu kwa mbuzi wa jirani. Nilifunga fimbo kwenye nguzo ya umeme, mshipi nikaufunga kwenye kamba ya mbuzi, nikampigia makofi. Mbuzi akatimua mbio, kach! akasimama wima kama askari wa gwaride, akageuka akaniangalia kwa dharau. Jirani naye akatoka nje akaniangalia vilevile. Mimi nikaandika kichwani: jaribio limefaulu. Nguzo sikuifikiria hata kidogo. Nguzo ilikuwa imechimbiwa kwa simenti, na mimi nikasahau kwamba Mzee Eliakimu hakuchimbiwa.

Tena nikaongeza ujuaji. Nikamtengenezea mkanda wa turubai wa kufunga fimbo kiunoni, ili mali isipotee majini. Usalama kwanza, si ndivyo tulivyofundishwa?

Jumamosi ile tulikwenda Jipe watatu, mimi, Eliakimu na Mama Neema aliyebeba chapati. Kuna mahali wavuvi wamekata matete, unaweza kusimama ukingoni vizuri. Eliakimu akajifunga mkanda, akatundika ini kwenye ndoana, akatupa. Mshipi ukatoka laini, rili ikaimba. Akanigeukia akatabasamu, na mara ya kwanza akaniita "ndugu yangu." Nikamkonyeza Mama Neema. Nikaona kanisa, nikaona keki.

Kambare akala.

Akavuta ghafla, kach! Rili ikashika kama nilivyoiamuru. Samaki alikuwa anakwenda, mshipi mnene haukatiki, chuma hakivunjiki, mkanda haufunguki. Kilichobaki kulegea ni Mzee Eliakimu peke yake. Alikwenda. Alikwenda kwanza kwa miguu, hatua ndogo ndogo za haraka, kisha kwa makalio, kisha kwa tumbo, anapita kwenye matope akipiga kelele, "Fungua! Barasa, fungua!" Na mimi namjibu nikikimbia nyuma yake, "Haifunguki! Ndiyo uzuri wake!"

Mama Neema ndiye aliyemkamata mguu. Mimi nikamkamata Mama Neema. Tukavutana pale, samaki upande ule, posa yangu upande huu, hadi ndoana ikanyooka na sisi sote tukaanguka chali juu ya chapati.

Eliakimu alisimama. Matope yalikuwa yamejaa hadi masikioni, na unyasi umetoka puani. Akasema, "Breki yako haikumkamata samaki. Imenikamata mimi!" Akavua mkanda akanitupia, akaenda zake kwa miguu, viatu vinalia fyok, fyok. Nikamuita ndugu yangu. Akasema bila kugeuka, "Mimi si ndugu yako, na dada yangu usimtaje tena."

Jamani, niliumia. Nawaambia ukweli, nilikaa pale kwenye nyasi na kuona nimeshazeeka bure. Mama Neema alikuwa anachambua chapati zilizo hai. Hakunifariji. Aliniambia tu, "Samaki si treni, Barasa. Treni ni yako, unaisimamisha. Samaki bado si wako."

Nilirudi Voi na neno hilo, linanipiga nyundo kichwani njia nzima. Yesu wangu! Maisha yangu yote nilikuwa nashika kitu kilicho changu tayari. Huyu wa majini inabidi umwache aende, ila aende kwa shida, alipie kila hatua kwa jasho, hadi achoke mwenyewe. Breki ya rili lazima iteleze. Kwangu mimi, breki inayoteleza lilikuwa tusi. Kule karakana tulikuwa tunaitia chaki nyekundu na kuipeleka kwa fundi mkuu. Sasa naambiwa niiunde kwa makusudi, tena vizuri!

Basi nikaiunda, nikisikia haya kama mtu anayevua nguo mbele ya watu. Sikilizeni vizuri hapa, hii ndiyo kazi yenyewe. Nilitoa kile kidole cha chuma. Badala yake nikapanga washa ndogo, yaani pete bapa zenye tundu katikati, moja ya shaba, moja ya ngozi, moja ya shaba, moja ya ngozi, zikabanwa pamoja na nati unayoikaza kwa kidole gumba. Ngozi nilikata kwenye mkanda wangu wa suruali wa siku za kazi, ile ngozi ya zamani, si hizi zenu za kuchubuka. Nikailowesha mafuta hadi ishibe, maana ngozi kavu inashika kwa miruko, mara imeshika mara imeachia, na mshipi ukirukaruka unakatika. Grisi niliipima kwa meno. Kisha nikatundika ndoo kwenye mshipi, nikawa namimina maji polepole. Ndoo ikifika nusu, bobini inatakiwa kuanza kuteleza yenyewe, taratibu, bila kushtuka. Ikianza mapema, kaza. Ikichelewa, legeza. Nilimimina na kumwaga mpaka ua wa jirani ukawa bwawa, na yule mbuzi akaja kunywa.

Safari hii nilimfunga mbuzi nikiwa nimeshika fimbo mwenyewe, bila nguzo. Alitimua, rili ikalia krrrr, mbuzi akapunguza mwendo, akapunguza tena, akasimama akihema mbele ya duka la unga, nami nikamkunja polepole akarudi kwa miguu yake. Jirani akaniuliza kama nimeanza ufugaji wa kisasa.

Sikuthubutu kumpelekea Eliakimu mwenyewe. Nilimpa Mama Neema aipeleke. Aliniambia kaka yake aliitazama siku nzima ikiwa mezani, hakuigusa. Siku ya pili aliizungusha kidogo. Siku ya tatu alikula chakula cha jioni akiwa ameishika. Halafu neno likaja: nilete wazee wangu nyumbani kwa Mama Neema pale Bomeni, atatusikiliza.

Nilikwenda na wazee na akina mama wa kanisa, binamu zangu, sukari, leso na mablanketi, kila kitu. Tulikaa sebuleni kwenye viti vyenye vitambaa, tukaimba, tukaomba. Chai ikaja ikaisha. Ikaja nyingine ikaisha. Mzee Eliakimu hayupo. Tukaambiwa alipita alfajiri na fimbo, akasema anaijaribu tu kidogo, atarudi kabla ya wageni. Mzee wa kanisa, msemaji wetu, alikuwa amekariri maneno yake kwa wiki nzima na sasa anaanza kuyasahau. Binamu yangu akasinzia. Mimi nachungulia mlangoni kila mara, kwa sababu najua vizuri ni kitu gani kimemshika huko, na ni mimi niliyekitengeneza.

Mama Neema akatoka jikoni. Alikuwa amevaa vizuri, kitenge kipya, lakini amekaza leso kiunoni na mkononi ana kisu cha kuparia samaki. Akasema, "Twendeni."

Tulipanda magari mawili ya probox, wazee na sukari na mablanketi, hadi Jipe. Tukamkuta ameegemea nyuma, miguu imezama matopeni, fimbo imepinda, rili inalia krrrr. Kambare alikuwa ameshika ndoana na yeye alikuwa amemshika. Sijawahi kuona kazi yangu ikipendeza hivyo. Washa zilikuwa zinateleza kama asali, samaki anakwenda, anachoka, anarudi, anakwenda tena.

Msemaji wetu akakohoa, akavua kofia, akaanza, "Mzee wetu, tumetoka mbali, tumeona ua katika nyumba yako..."

"Ondoka kwenye mshipi!" Eliakimu akafoka.

"...ua zuri, nasi tungependa kulichuma..."

"Unanikanyagia mshipi, wewe mzee!"

Mama Neema akaingia matopeni na kitenge chake kipya. Akashika mshipi kwa mkono mmoja, akaweka kisu juu yake kwa mkono wa pili. Hata rili ilinyamaza kidogo.

"Kaka," akasema, "Barasa anataka kunioa. Mimi nataka. Sema ndiyo au sema hapana. Ukinyamaza, nakata."

"Damaris! Mimi ni kaka yako!"

"Na yule ni samaki. Sema."

"Ndiyo!"

"Ndiyo nini?" akauliza mzee wa kanisa, anayependa mambo yakae wazi. "Utaje na jina, tafadhali."

"Ndiyo, Barasa! Barasa amuoe! Mchukueni! Nitawapa na mbuzi juu yake, mwachilieni samaki wangu!"

Akina mama wakapiga vigelegele. Msemaji wetu alijaribu kueleza kwamba mbuzi huletwa na sisi, hakusikilizwa. Mama Neema akaondoa kisu, akarudi ukingoni, akanishika mkono mbele ya watu wote, mkono wake ukinuka samaki, na mimi nikaona hakuna marashi duniani yanayoushinda.

Eliakimu aliendelea na samaki wake. Wazee walikaa juu ya mablanketi, wakafungua sukari wakaanza kulamba. Mwishowe kambare alikuja, amechoka kabisa, kichwa kipana, sharubu zimelala. Eliakimu akanisukumia fimbo na rili yake, akamkumbatia kifuani akambusu. Kisha akageuka, akatuona sisi sote kwa mara ya kwanza, tumevaa suti na tai katikati ya matete.

"Jamani, karibuni," akasema, anafuta uso. "Samahani, nilikuwa na shughuli. Mmesema mmekuja kwa ajili ya nini?"

"Kukuaga, kaka," Mama Neema akamwambia. "Nimeolewa."

Eliakimu akakaa chini kwenye matope, kambare mapajani, akalia kwa sauti kama mtoto, na mke wangu akaenda akakaa kando yake akalia naye, wameshikana mabega. Mimi nilibaki nimesimama na rili mkononi, sijui nimkabidhi nani.